Mpini wa kisu kwa kiunzi cha cholla na epoksi ya rangi: nawezaje kuzuia viputo vya hewa?

MkaziWaJangwani (Tucson, Arizona)

Ndugu mafundi, salamu kwenu nyote. Huku ninakoishi, katika jangwa la Sonora, kaktasi aina ya cholla ikifa na nyama yake ikaoza, hubaki kiunzi kikavu mfano wa bomba, chenye uwazi katikati na matundu marefu yaliyopangika mshazari kuzunguka ubavu wake wote. Mwenye shamba mmoja amenipa vipande kadhaa vyenye kipenyo cha sentimita 4 hivi, nami ningependa kuyajaza matundu hayo kwa epoksi (resini ya majimaji ambayo huganda ikichanganywa na kigumishi) yenye rangi ya feruzi, kisha nichonge mpini wa kisu cha kazi za nje. Bapa ni la chuma cha kaboni, nalo limekwisha kutiwa ugumu na kulainishwa kwa moto.

Nina maswali mawili. Kwanza, mti huu umejaa vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana, nami naogopa kwamba hewa iliyomo itatoka wakati epoksi inaganda na kuacha viputo. Nina pampu ya kunyonya hewa pamoja na chombo chake, lakini sina tangi la presha. Pili, je, mpini wa namna hii unaweza kuhimili kazi, au ni pambo tu?

Fundi_Msasa

Ndugu yangu, nianze na hilo la pili kwa sababu ndilo litakaloamua mengine. Kiunzi cha cholla ni chepesi na kuta zake ni nyembamba, kwa hiyo usikitegemee kubeba nguvu yoyote. Kitakachobeba ni msuka wa kisu, yaani ule mkia wa bapa unaoingia kwenye mpini, pamoja na epoksi iliyouzunguka. Kwa kisu cha kazi, ningechagua msuka mpana wenye umbo la mpini mzima, nikapasua kiunzi kilichokwisha kujazwa kwa urefu wake ili nipate vibao viwili, kimoja kila upande, vikashikwa kwa gundi ya epoksi na pini za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Sasa tuje kwenye hewa. Kazi kubwa hufanyika kabla hujafungua kopo la epoksi. Sugua kiunzi ndani na nje kwa brashi ya waya, toa mchanga na mabaki ya nyama kavu kwa kompresa, kisha kiweke katika oveni yenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi au zaidi kidogo, ukikipima uzito mara kwa mara. Uzito ukikoma kupungua, ndipo utajua kwamba maji yamekwisha. Mti wa jangwani huonekana mkavu kwa macho, lakini unyevu uliofichika ndani unatosha kuharibu mshiko wa epoksi.

Baada ya hapo paka tabaka jembamba la epoksi isiyo na rangi kwenye kila uso unaoweza kuufikia, ili kuziba vinyweleo. Lipake kiunzi kikiwa bado na uvuguvugu na kinaendelea kupoa, kwa sababu hewa inayopoa husinyaa na kuivuta epoksi ndani; ukipaka wakati mti unapata joto, hewa itatanuka na kuisukuma nje, na hapo ndipo viputo huzaliwa. Jambo hili moja, ambalo wengi hulipuuza, linazidi faida ya vifaa vingi vya bei ghali.

Epoksi ya kumimina iwe ile inayoganda polepole, iliyotengenezwa kwa ajili ya kalibu zenye kina. Zile za dakika tano ni za kuunganishia tu. Ukizimimina kwa unene wa sentimita 4 zitachemka kwa joto lao zenyewe, zipasuke au hata zitoe moshi. Pima kwa mizani au kwa ujazo, kama mtengenezaji alivyoelekeza, wala usibadilishe kipimo kimoja kwa kingine, maana resini na kigumishi havina uzito sawa kwa ujazo ule ule. Kwa kalibu, tumia plastiki ya poliethilini au polipropilini, kwa kuwa epoksi haishikamani nazo.

Karakana_ya_Bandarini

Nakubaliana na Fundi kwa mengi, ila naongeza tahadhari kuhusu hiyo pampu. Itumie kuondoa hewa katika mchanganyiko kwa dakika chache kabla ya kumimina, na ukipenda, mara moja tena kiunzi kikiwa kimezama ndani ya epoksi, kisha ruhusu hewa irudi ili isukume epoksi ndani ya vinyweleo. Usiiache ikifanya kazi mpaka epoksi igande. Ndani ya ombwe, kiputo kidogo huvimba kikawa kikubwa, na epoksi ikigandia hapo umekihifadhi milele.

Tangi la presha hufanya kinyume chake. Ukiongeza pauni 60 za presha kwa kila inchi mraba, kiputo hubanwa hadi takribani sehemu moja ya tano ya ujazo wake, na macho hayakioni tena, mradi presha ibaki hivyo hivyo mpaka epoksi iwe ngumu. Lakini asikudanganye mtu kwamba sufuria ya kupikia kwa presha inafaa. Tumia tangi lililotengenezwa na kupimwa kwa kiwango hicho, lenye vali ya usalama, au acha kabisa.

Jambo lingine ni hali ya hewa ya huko kwenu. Kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 hivi, epoksi huganda takribani mara mbili kwa kasi. Katika kiangazi cha Arizona, mimina usiku au ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Mchongaji_Nanyuki

Huku Laikipia hatuna cholla, lakini tuna mpungate mwingi mno, ule uliotoka Amerika ukavamia malisho ya mifugo. Mashina yake ya zamani yakikauka huacha nyavu za nyuzi zilizolaliana kama kurasa, ambazo nazo hujazika kwa epoksi, ingawa ni laini zaidi na ni lazima zipangwe tabaka juu ya tabaka. Nawasihi wasomaji wa Afrika Mashariki wasiuchanganye na miti ya euforbia yenye umbo linalofanana na kaktasi: utomvu wake mweupe hudhuru macho vibaya, na si mti wa kujaribia karakana.

MkaziWaJangwani (Tucson, Arizona)

Nawashukuru sana. Nimeamua kufuata njia ya vibao viwili. Limebaki suala la rangi na umaliziaji: niliyonayo ni unga wa maika (madini yanayometameta) wa rangi ya feruzi, na nimeambiwa kwamba hutuama chini.

Fundi_Msasa

Ni kweli hutuama katika epoksi ya polepole. Subiri mchanganyiko uanze kuwa mzito ndipo umimine, na unga usizidi asilimia chache za uzito wote. Usitumie rangi ya maji hata kidogo.

Ukimaliza kupasua, kwaruza msuka kwa msasa mkali, ufute kwa asetoni, na usibane vibao kwa nguvu mno, la sivyo gundi yote itatoka kando na kuacha uso mkavu. Wakati wa kupiga msasa, nenda taratibu na utumie maji kuanzia namba 400, kwa kuwa epoksi ikipata joto hulainika na kuziba msasa. Kwa sababu hiyo hiyo, kisu hiki kisiingie katika mashine ya kuoshea vyombo. Vaa glavu za nitrili tangu mwanzo na barakoa ya vumbi unaposugua. Epoksi ikikugusa, ioshe kwa sabuni, wala si kwa asetoni, ambayo huipeleka ndani zaidi ya ngozi. Mzio wake ukishampata mtu, hauondoki.