Eti "likizo imekukubali, umenawiri"! Wakuu natetemeka

Naandika nikiwa chooni ofisini maana nikitoka namrukia mtu. Mnamjua, yule bosi wangu ambaye marashi yake yanatangulia kufika ghorofani.

Leo ndo tumeanza kurudi wote ofisini siku tano, baada ya kufanyia kazi nyumbani. Nimeamka saa kumi alfajiri, foleni ya mwendokasi Kimara mwisho wake uko Morogoro, nimebebwa na watu mpaka ndani miguu haigusi chini, nashuka Kivukoni kiatu kimeachama. Nafika saa mbili na dakika nne, mtu mzima kasimama mlangoni ananipandisha ananishusha, mbele ya mlinzi, mbele ya dada wa chai, mbele ya watoto wa fildi: "Karibu, naona likizo imekukubali, umenawiri."

LIKIZO! Toka corona 2020 nafunga hesabu za mwezi kwenye meza ya chakula mtoto kanilalia mapajani. Mei 2024 nyaya za baharini zilivyokatika nchi nzima inasaka mtandao, nimepanda juu ya simtank na laptop, laini tatu, ripoti ya nani ilienda? Yake! Akajibu "safi" akalala zake. Leo nimenawiri.

Kiti changu kimewekewa printa mbovu, nimepewa kile cha plastiki cha msibani. Kikao cha saa tatu tumefanya kwa Zoom, watu wa meza moja, chumba cha mikutano kimejaa maboksi. Hata serikali Januari 2025 kwenye ule mkutano wa nishati watumishi wa Dar iliwaambia wafanyie kazi nyumbani, kuna aliyewaambia wako likizo?

Na dada wa chai kacheka jamani. Kacheka!

Kiazi Mbatata: Uzi bila picha ya kunawiri ni batili.

Nesi wa Zamu: Sisi 2020 hiyohiyo tulikuwa wodini, sindano unachoma kwa Zoom? Hela zangu za onkoo, zile za kuitwa kazini, sijaziona mpaka leo, we unalilia kiti.

Mleta uzi: Soma vizuri, sio kiti, ni LIKIZO mbele ya watu!

Babu Chanika: Watu wa Kimara mnadeka, huku kwetu daladala tunaingilia dirishani.

Mpangaji Tabata: Mi naomba hata leo nirudishwe ofisini. Nikishinda nyumbani mama mkwe ananituma mkaa katikati ya kikao, na umeme wa LUKU tunachanga wapangaji sita, wamenipangia nilipe mara mbili kisa laptop.

Kiazi Mbatata: LUKU ya kuchanga ni laana mzee. Kwetu kuna jamaa anachemsha maharage kwa jiko la umeme usiku wa manane.

Mpangaji Tabata: Afadhali wako, wangu ana mafriji mawili anauza barafu.

Mleta uzi: Dada wa chai kapita tena, ananiita "mama likizo".

Nesi wa Zamu: Barafu anauza shingapi huyo? Tabata ipi?