Tupeane uzoefu: kupumua na kulegeza mwili wakati wa uchungu

Mleta mada:
Nimejifungua mara mbili. Mara ya kwanza, kila uchungu ulipopanda nilibana pumzi, nikauma meno na kung'ang'ania chuma cha kitanda, hata mlango wa kizazi ulipofunguka sentimita saba nikawa nimekwisha nguvu kabla ya kazi ya kusukuma kuanza. Katika mimba ya pili, mkunga wa kliniki alinifundisha jambo moja tu: kuvuta hewa taratibu kwa pua, kisha kuitoa kwa mdomo kama mtu anayepuliza uji wa moto, nayo itoke kwa muda mrefu kuliko ilivyoingia. Nilifanya mazoezi kila usiku, mwezi mzima, huku mume wangu akinicheka. Siku yenyewe, dirisha la leba lilikuwa na vioo tisa. Kila nilipotoa pumzi nilivihesabu kuanzia juu hadi chini, na nilipovimaliza mara ya sita, uchungu ulikuwa umeshaanza kushuka. Sisemi kwamba maumivu yaliisha, la hasha, ila safari hii hayakunichanganya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 nao unazitaja mbinu za kupumua, kulegeza misuli na kusikiliza muziki kwa mjamzito mwenye afya njema anayetaka nafuu ya maumivu. Wenzangu, ninyi mlifanyaje?

Mama Pacha:
Mimi nilisaidiwa na dada yangu, aliyeruhusiwa kukaa nami. Alinigusa bega akaniambia nilishushe, kisha taya, kisha ngumi, maana nilikuwa nimekaza kila kiungo bila kujijua.

Bi Mdogo:
Jihadharini na kuhema harakaharaka. Mimi nilihema hivyo mpaka vidole vikafa ganzi, midomo ikachonyota na kizunguzungu kikanishika, nikadhani nakata roho. Muuguzi alinieleza kwamba nilikuwa nikitoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Akauweka mkono wangu juu ya tumbo lake mwenyewe, nikafuata mwendo wa pumzi zake hadi ganzi ikaondoka.

Mkunga Mstaafu:
Kuhema kwa pumzi fupifupi kuna mahali pake: pale hamu ya kusukuma inapokuja ilhali njia haijafunguka yote, au kichwa cha mtoto kinapotoka na mkunga anataka kitoke polepole. Lakini ukitokwa na damu nyingi, ukiumwa kichwa kikali, ukiona ukungu machoni au mtoto akiacha kucheza, mwite mhudumu mara moja. Hapo si pa kuhesabu pumzi.

Mama Kisu:
Nilijifunza haya yote nikaishia kwenye upasuaji. Yalinifaa kesho yake, nilipoambiwa nishuke kitandani: nilikunja khanga, nikaikandamiza juu ya kidonda, nikavuta hewa nikiwa nimekaa, na nilipoanza kuitoa ndipo nikasimama. Hata kukohoa nilikohoa hivyo, khanga ikiwa mkononi, kwa wiki mbili.