Napakia viazi Uyole, usiku najifunza programu kwenye simu. Niendelee?

KijanaWaUyole
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 23. Kidato cha nne nilipata ziro, mama anauza ndizi Igawilo, mimi napakia viazi kwenye malori hapa Uyole. Usiku najifunza Python, ile lugha ya kuandikia programu, kwenye simu, natumia app ya Termux inayoendesha msimbo. Vitanzi (kurudia amri) nimeelewa, fankisheni (vipande vya msimbo unavyoviita kwa jina) bado zinanipiga chenga. Jana jamaa mmoja wa chuo aliishika simu yangu, akacheka, akasema bila digrii hakuna atakayeniamini. Sikulala. Nataka siku moja niwe na kampuni yangu ya programu. Kuna aliyetoka huku chini akafika? Alianzia wapi hasa? Maana video zote zinaanza na "fungua kompyuta yako".

MtotoWaIsyonje
Mdogo wangu, pole kwa maneno ya huyo jamaa. Mimi ni wa Isyonje, njia ya kwenda Tukuyu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, sekondari nikaishia kidato cha pili. Leo nina kampuni ya watu wanne hapa Mbeya mjini. Ni ya pili, ya kwanza ilikufa.

Mwaka 2013 nilikuwa natoa fotokopi kwenye steshenari moja Mwanjelwa. Tajiri aliniruhusu kubaki na kompyuta baada ya kufunga, mradi nifagie na nisiharibu wino. Kurasa za W3Schools, tovuti ya masomo ya programu, nilizichapa nyuma ya karatasi zilizoharibika, nikazibeba nyumbani nikasome kwa kibatari. Nilijifunza PHP, lugha nyingine ya programu, hivyo, karatasi kwa karatasi, kesho yake najaribu.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja dalali wa viazi. Daftari lake la madeni lilikuwa limelowa mafuta ya taa, nusu ya majina hayasomeki. Nikamtengenezea programu. Nikaandika gunia moja ni kilo 100, kwa kuwa Wakala wa Vipimo hawaruhusu kuzidi hapo. Wiki ya kwanza hesabu zikakataa kabisa. Mama akaniambia, "Mwanangu, wewe si ulikuwa unabeba haya magunia?" Nilikuwa nayabeba kweli! Lumbesa ile, gunia lililojazwa kupita kiasi, inafika kilo 130, mgongo wangu ulijua, ila nilipokaa mbele ya kompyuta nikaandika kama mtu ambaye hajawahi kufika sokoni. Nikaondoa ile 100, nikaweka sehemu ya kujaza uzito wa mzani kwa kila gunia. Akanilipa 60,000, na wiki hiyohiyo akaniletea madalali wawili.

Kampuni ya kwanza niliiua mwenyewe. Miezi minane najifungia natengeneza programu ya simu janja kwa ajili ya wakulima, sikumwonyesha mtu. Nilipopanda nayo kijijini, wengi wana kitochi. Hii ya sasa inatuma SMS tu, na wanaolipa ni madalali na wenye maghala, kila mwezi.

Kwa hiyo wewe usisubiri kompyuta. Python ina SQLite, sehemu ya kuhifadhi data, ndani yake, huhitaji kupakua kingine, na data zote zinakaa kwenye faili moja hapohapo kwenye simu. Mwombe dalali unayempakilia akuonyeshe daftari lake. Tengeneza programu ya ukurasa mmoja tu wa daftari hilo. Fankisheni zitaeleweka humo. Na huyo dalali hatakuuliza cheti, atakuuliza kama jumla imekaa sawa.

DadaWaMafinga
Naunga mkono, mimi nilianza na daftari la mbao la kaka yangu. Mdogo wangu, tafuta waya wa OTG (wa kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu) na kibodi ya kawaida ya mtumba, kuandika msimbo kwa kidole gumba kunachosha mno. Freecodecamp, tovuti ya kujifunzia programu, ni bure na kurasa zake hazili bando kama video.

Ila nakusihi: nakili lile faili mahali pengine kila jioni. Diski yangu ilikufa na mauzo ya wiki sita, nikakaa na kaka siku nne tunaingiza upya kutoka kwenye risiti. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Ukianza kuweka majina na namba za watu, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. TIN ya TRA ni bure, na jina la biashara unasajili BRELA kwa mtandao ukiwa na namba ya NIDA. Hayo yaje ukishapata anayelipa.

KijanaWaUyole
Ndaga fijo kaka, asante sana dada. Nimeongea na bosi leo wakati wa kupakia, kanipa ukurasa wa juzi nipige picha. Swali: bei ya kilo inabadilika mchana. Niiweke sehemu moja au kwenye kila mstari?

MtotoWaIsyonje
Kila mstari ubebe bei yake. Ukiiweka sehemu moja ukaibadilisha saa nane, mauzo ya asubuhi nayo yatabadilika.