Bi mkubwa anashikwa na kisunzi akigeuka kitandani, naomba ushauri

Karafuu_Wete: Assalaam alaykum. Bi mkubwa ana miaka 74. Akilalia ubavu wa kulia nyumba inamzunguka sekunde ishirini hivi, kisha basi. Usiku akitembea anayumba. Nimuongezee dawa au nimpeleke Unguja?

Fizio_Mjini: Waalaykum salaam. Dawa ipi hiyo?

Mchokozi: Wazee hawanywi maji. Watoto nao wapo kwenye simu.

Karafuu_Wete: Ya kisunzi tu, ya kawaida.

Fizio_Mjini: Jina lake, yakhe.

Karafuu_Wete: Sinarizini, kutwa mara tatu, tangu mwaka jana. Inamtuliza, na nishanunua boksi jengine. Sioni ubaya.

Fizio_Mjini: Upo. Hiyo ni ya siku chache. Mzee akiinywa miezi, mikono hutetemeka, mwili hukakamaa, na ubongo haujizoezi. Daktari ndiye aiondoe.

Dalili zako zinaelekea chembe za chokaa za sikio la ndani kuponyoka na kuingia mfereji wa nyuma. Hurudishwa kwa kugeuza kichwa. Akae kitandani, uso nyuzi 45 kulia. Mlaze chali upesi, mto chini ya mabega, kichwa kining'inie kidogo. Ngoja sekunde 30, au mpaka macho yatulie. Kigeuze nyuzi 90 kushoto, ngoja. Alalie ubavu wa kushoto, pua ielekee godoro, ngoja. Aketi polepole, umemshika. Wengi huharibu kwa kuinua kichwa katikati, chembe zikarudi mferejini. Shingo ikiwa mbovu, msijaribu nyumbani.

Kuyumba usiku ni jengine. Uzeeni vinyweleo vya sikio la ndani, vinavyosaidia mtu asiyumbe, hupungua, mtu akategemea macho na nyayo. Wekeni taa njia ya chooni.

Bi_Chwaka: Na presha mpimeni: alale dakika 5, asimame, mpime dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka 20, shida ipo hapo pia.

Mchokozi: Sekunde ishirini, kulia tu? Huyu mwanafunzi, katuletea mtihani wake!

Fizio_Mjini: Mtihani au mama, jibu ni moja. Mrekodi macho akilazwa. Yakizunguka kuelekea sikio la chini, yakatulia kabla ya dakika, ni chembe. Yakipiga kwenda chini, au ulimi mzito, au anaona viwili, hospitali leo leo.

Karafuu_Wete: Sisomi popote mie. Nitarekodi. Lakini hilo boksi, duka litalipokea?

Mchokozi: Haya, nimeamini. Mtihani hauulizi boksi.