Tupeane uzoefu: nini hasa kilikusukuma ufungue biashara?

Mtoto_wa_Mwanga: Leo nimepita mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma nikamkuta niliyesoma naye anapakia magunia ya dagaa. Mimi na digrii yangu nawaza nauli ya kurudia nyumbani. Ule moyo aliutoa wapi? Mtaji, wazazi, au njaa tu?

Mama_Wawili_Ujiji: Njaa.

Bwana_Mawese: Njaa haitoshi mama, wenye njaa ni wengi na hawathubutu. Mimi nimekulia nyuma ya meza ya mawese, darasa la nne najua faida ya kila chupa. Ukikulia humo huogopi.

Chanja_Sita: Mada imenigusa. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea, mwaka wa tatu, baba ananiambia "subiri ajira". Siku moja shangazi akaniuliza, "Mwalimu, chaki inaliwa?" Neno hilo ndilo lililonitoa. Nikakopa laki tano za kausha damu, ile mikopo ya riba kali, nikanunua dagaa Katonga, nikaanika mchangani maana chanja za watu za kuanikia zilijaa. Saa nane wingu likapanda kutoka upande wa Kongo. Jamani mvua ile! Nazoa kwa kanga ya shangazi, dagaa na mchanga havitengani. Kesho yake wameshageuka rangi, wananuka, nikawauzia wafuga kuku kwa bei ya aibu. Simu ikaenda bondi. Naanza kusimama, Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Baba: "Si nilikwambia?"

Bwana_Mawese: Duh, pole. Kanga ulirudisha?

Chanja_Sita: Shangazi hadi leo ananidai doti.

Nyuki_wa_Sikonge: Nyie wa Kigoma, mwisho wa reli, mnapenda kamari. Huku Tabora unatundika mzinga, unakwenda kulala.

Bwana_Mawese: Ulale, jirani apulizie tumbaku dawa, uamke nyuki hawapo.

Nyuki_wa_Sikonge: Tumbaku mimi silimi, usinitafute!

Mtoto_wa_Mwanga: Turudi kwenye mada wakuu.

Mzee_Mstaafu: Vijana, undeni kikundi mkaombe ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba.

Mama_Wawili_Ujiji: Kikundi! Wawili wakivuka Burundi, deni lako. Bora upatu na watu unaowajua mpaka kwao.

Mtoto_wa_Mwanga: Chanja, sasa hivi unafanya nini?

Chanja_Sita: Dagaa. Ila chanja zangu mwenyewe, sita, na turubai.

Mama_Wawili_Ujiji: Na mzee wako je?

Chanja_Sita: Yupo hapa, anafukuza kunguru.