Mjadala: Wingu la kwenye gemu liujue mlima, au uzuri unatosha?

Mleta mada, Mbeya mjini

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna video imezunguka kwenye makundi yetu ya wapenda magemu: ndege inatua uwanja wa Songwe ndani ya gemu la kurusha ndege la Microsoft Flight Simulator, mawingu yametanda juu ya safu ya Mbeya, jua linapenya kwa pembeni. Aliyeituma aliandika kwamba kwa mawingu hayo uhalisia umefika mwisho, hakuna cha kuongeza. Wengine wakamjia juu: hali ya hewa kwenye gemu ni pambo, inakula chaji, inaikwamisha simu, bora iondolewe kabisa.

Napinga wote wawili. Swali langu kwa mtengenezaji yeyote wa gemu ni moja tu: hilo wingu lako linajua kwamba chini yake kuna mlima?

Aliyewahi kusimama Mwanjelwa asubuhi ya Februari akautazama mlima Loleza atanielewa. Kilele kimefunikwa. Upepo unavuma, miti inayumba, lakini wingu liko palepale, saa nzima halijasogea. Kinachotokea ni kwamba hewa inapanda upande mmoja wa mlima, inapoa, unyevu wake unageuka matone. Ikishavuka kilele inashuka, inapata joto, matone yanakauka. Wingu linazaliwa upande huu na kufa upande ule muda wote, ndiyo maana macho yanaliona limetulia wakati upepo unapita katikati yake.

Sasa fungua magemu mengi. Mawingu yote yanateleza pamoja kwa mwendo mmoja, kama shuka linalovutwa juu ya meza, na yanapita kwenye kilele kana kwamba hakipo. Rangi inaweza kuwa nzuri kiasi gani sijui, huo bado ni uongo.

Siwadharau waliotufikisha hapa. Zamani magemu yalibandika picha ya anga juu ya kichwa cha mchezaji, basi. Mwaka 2015 kampuni ya Guerrilla ya Amsterdam, waliokuwa wanatengeneza gemu la Horizon Zero Dawn, walionyesha namna ya kujenga wingu lenye ujazo: mashine inapeleka mstari kutoka jicho la mchezaji kwenda angani na kupima unene wa wingu hatua kwa hatua. Kazi hiyo ni nzito mno, kwa hiyo kila picha wakawa wanachora nukta moja tu kati ya 16, zilizobaki wanaazima kwenye picha zilizotangulia. Ule ni uhodari wa hali ya juu. Ila umbo la wingu lile lilitoka kwenye hesabu za nasibu na ramani iliyoandaliwa na wasanii. Mlima haukuulizwa.

Flight Simulator wao wamekwenda mbali zaidi, wanachukua utabiri wa kweli kutoka kampuni ya hali ya hewa ya Meteoblue ya Basel, Uswisi. Hapo wengi ndipo wanaposema yamekwisha. Hayajaisha. Utabiri wa dunia nzima hukata anga kuwa vyumba vyumba, na hata ule wa kituo cha utabiri cha Ulaya (ECMWF) unaosifiwa sana, chumba kimoja kina upana wa kilomita 9 hivi. Mji wetu umebanwa kati ya Loleza na milima ya Uporoto. Chumba kimoja kinaweza kumeza mtaa, mteremko na kilele, halafu vyote vikapewa anga moja. Kwa nchi tambarare haina shida. Kwa Mbeya ni kufuta kile hasa kinachoifanya hali ya hewa ya Mbeya iwe ya Mbeya.

Na jambo lenyewe halihitaji kompyuta ya mamilioni. Hewa ikipanda, kimo cha wingu kuanza hukadiriwa hivi: chukua joto la chini, toa kiwango cha umande (yaani nyuzi ambazo unyevu wa hewa ile huanza kuwa matone), jibu zidisha kwa mita 125. Mjini ni mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, joto nyuzi 20, umande nyuzi 14. Tofauti ni 6, mara 125 ni mita 750. Wingu litaanza mita 2,450. Loleza ina mita 2,656. Maana yake mita 200 za juu zimefunikwa, na ndivyo tunavyoiona siku nyingi za masika. Hesabu hiyo hata simu ya batani inaifanya.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Mafinga

Kamwene mleta mada. Umeandika vizuri lakini umesahau gemu ni nini. Mtu ametoka shambani au kiwandani amechoka, anataka kuendesha basi dakika ishirini alale. Hiyo Flight Simulator unayoizungumzia ilipotoka mwaka 2020 ilidai nafasi ya GB 150 na intaneti isiyopungua 5 Mbps. Hapa Mafinga ni wangapi wana bando la kuchezea hivyo?

Halafu ukungu wa kweli ukishuka huoni mbele. Ukae nusu saa unatazama weupe kwenye simu, utaita huo mchezo? Baridi na ukungu tunavyo nje ya dirisha bure kabisa. Gemu litupe jua.

Mleta mada

Nimekusoma mkuu, na kwenye bando uko sahihi kabisa. Ndiyo sababu sikusema tufuate njia ya Flight Simulator. Tazama Minecraft, gemu la 2011 ambalo watoto wanalicheza kwenye simu. Mawingu yake ni mabamba ya mraba yanayokwenda magharibi siku zote, na mlima mrefu yanaupenya tu. Kwa sura limepitwa na kila gemu. Lakini ndani yake kuna kanuni: ukipanda juu joto linapungua, na kwenye maeneo ya baridi mvua inageuka theluji ukifika kimo fulani. Jangwani mvua hainyeshi. Kanuni chache tu, na mchezaji anajua kwamba ardhi na anga vinaongea. Kwa uhalisia ninaoutaka mimi, gemu hilo la maboksi linayashinda magemu mengi yenye mawingu ya kung'aa.

Kuhusu ukungu kuharibu mchezo, hapo sikubali hata kidogo. Bus Simulator Indonesia ya kampuni ya Maleo, iliyotoka 2017, imependwa huku kwetu kwa sababu unaweza kuweka mabasi ya kwenu, na vijana wamejaza mabasi ya Tanzania humo. Wanapenda nini? Wanapenda kuendesha kama madereva wa kweli. Dereva wa kweli akikutana na ukungu anapunguza mwendo, anawasha taa fupi, kwa sababu ukiwasha fulu mwanga unagonga matone na kukurudia machoni. Anasikiliza, anafuata mstari wa pembeni, anaacha nafasi na gari la mbele. Hiyo ni sehemu tamu ya mchezo kuliko kilomita mia za jua kali ambako umekanyaga mafuta tu. Ukungu wenye mwanzo na mwisho, unaouona kwa mbali umelala kwenye kona kabla hujauingia, unakufanya upange. Ukungu unaowashwa na kuzimwa kama taa ndio unaoudhi, na huo hata mimi siutaki.

Mchangiaji, Makete

Mkiweka na sakitu ya Juni asubuhi, majani meupe hadi jua lipande, nitacheza. Nimepita tu.

Mchangiaji, Tukuyu

Ugonile. Mimi nina swali gumu kidogo, maana naona mnazungumzia kimo, mmeusahau muda.

Magemu mengi yanabana siku. GTA V siku nzima ya saa 24 inaisha kwa dakika 48, yaani muda unakimbia mara 30. Ukitaka mawingu yaende na saa ya gemu, upepo wa kilomita 20 kwa saa itabidi usukume wingu kwa kilomita 600 kwa saa. Litakuwa linakimbizana na ndege. Ukiliacha kwa mwendo wake wa kawaida, basi asubuhi hadi jioni linakuwa limesogea kidogo mno, nao ni uongo vilevile. Kwa hiyo mleta mada, uhalisia wa mwendo wa mawingu kwenye gemu la namna hiyo hauwezekani kwa njia yoyote. Kilichobaki ni kuchagua uongo unaopendeza.

Mleta mada

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoletwa hapa, ndaga (asante). Kwa mawingu yanayosafiri nakubaliana na wewe: siku ikibanwa, lazima mtengenezaji achague.

Lakini wingu la mlimani halisafiri. Hilo ndilo linaloliokoa. Ubane siku mara 30 au mara 70, lenyewe litabaki juu ya Loleza au Rungwe, kitakachobadilika ni kimo chake. Asubuhi liko chini, mchana ardhi ikipata joto linapanda au linakatika vipande, jioni linarudi. Kimo hicho kikipanda kwa dakika kumi badala ya saa tano hakuna atakayeudhika. Kwa hiyo wingu ambalo magemu yamelisahau ndilo rahisi kuliko yote kuliweka kwa usahihi.

Na wewe wa Tukuyu ndiye shahidi wangu. Upepo wa kusi unatoka upande wa Ziwa Nyasa, ambalo liko chini ya mita 500, unakutana na milima ya Rungwe na Kipengere inayokaribia mita 3,000, hauna pa kwenda ila juu. Ndiyo maana Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na nyuma ya milima huku bonde la Usangu inabaki ndogo, wanategemea mito kumwagilia mpunga. Gemu linalonyeshea Tukuyu na Usangu mvua moja, hata likichora kila tone, limeshindwa.

Mchangiaji, Uyole

Nachora ramani ya barabara ya Uyole, Isyonje hadi Tukuyu kwa kutumia Godot, programu ya kutengenezea magemu, kwa ajili ya simu. Nimejaribu hesabu ya mleta mada jana usiku, na kweli haikuongeza uzito wowote, ni namba moja inayosomwa kila sekunde chache. Tatizo langu: nikiweka joto na umande wa aina moja, ukungu unaanza kimo kilekile pande zote mbili za Uporoto. Mimi naishi hapa, najua sivyo. Julai tunaondoka Uyole na jua, tukishavuka juu tunakuta manyunyu.

Mleta mada

Mkuu, weka vipimo viwili na mpaka uwe mgongo wa mlima. Upande wa Uyole, Julai mchana, jaribu joto 20 na umande 6. Tofauti 14, mara 125 ni mita 1,750. Ukianzia mita 1,800 wingu linakuja mita 3,550, juu ya vilele vyote, kwa hiyo kweupe. Upande wa Tukuyu, tuseme mita 1,600, weka joto 18 na umande 16. Wingu linaanza mita 1,850. Gari likivuka mgongo badili taratibu kutoka kipimo kimoja kwenda kingine ndani ya kilomita mbili tatu, usikate ghafla.

Namba hizi za umande nimezikadiria kukuonyesha njia. Vipimo vya kweli vya kila mwezi waombe Mamlaka ya Hali ya Hewa, halafu uviingize badala ya hivi. Ukimaliza Julai utuwekee video hapa, na mchangiaji wa Mafinga awe wa kwanza kuiendesha.