Semina za maji ya alkali: ziachwe au zipigwe marufuku?

Mleta mada: Wana Tanga, naomba tulijadili hili. Jumapili tuliitwa ukumbini hapa Ngamiani kuonyeshwa mtambo wa maji ya alkali. Kijana akamimina maji ya bomba kwenye bilauri moja na ya mtambo wa kuchuja kwenye nyingine, akatumbukiza vijiti vya chuma vyenye umeme. Hata dakika mbili hazikufika, ya bomba yakawa kama chai ya mkandaa, juu yameelea mapovu machafu. Yake meupe pe. "Hiyo ndiyo sumu mnayowanywesha watoto!" Kina mama wakashika vifua.

Jamani, ile ni kutu. Maji ya bomba yana chumvichumvi, yanapitisha umeme, na umeme ndio unaokila kile kijiti. Yaliyochujwa mpaka madini yakaisha hayapitishi umeme wa maana, basi chuma kinabaki salama. Nikamwomba atie chumvi kidogo kwenye maji yake arudie. Akasema muda umekwisha, tusogee mezani kujiandikisha.

Eti maji yake yanaigeuza damu iwe ya alkali! Damu ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 7.35 hadi 7.45, inalindwa na mapafu na figo. Maji yoyote yakishuka tumboni yanakutana na asidi kali kwanza. Eti pia ukiyamwagilia mchicha unazaa maradufu! Maji yakizidi alkali, mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma, majani yanageuka njano. Shirika la viwango, TBS, wanakagua maji ya chupa. Maneno ya ukumbini anayakagua nani?

Mdau wa Amboni: Kwa hiyo na chemchemi za Galanos pafungwe? Watu wanaogea maji ya salfa pale kwa ajili ya ngozi toka enzi za mkonge.

Mleta mada: Galanos hakuna anayekuambia uache dawa za presha, wala anayekukopesha mtambo.

Binti Makorora: Ndugu yangu, usidharau. Mama alikuwa haamki bila kizunguzungu. Mwezi wa pili huu anakunywa haya maji, lita mbili kwa siku, yuko fiti.

Mleta mada: Namshukuru Mungu kwa hilo, na mama nampa shikamoo yake. Kabla ya mtambo alikuwa anakunywa nini?

Binti Makorora: Maji alikuwa hayapendi. Chai ya rangi tu, na soda mchana.